Kuchagua Jarida la Kila Wiki Ukiwa Lamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na walimu, wanafunzi waliorudi likizo, akina mama wanaosoma usiku watoto wakishalala, na wazee wa Mkunguni ambao gazeti la jana wameshalimaliza na la leo bado halijavuka kutoka bara. Wote wanataka kitu chenye utamaduni, siasa za dunia na hadithi nzuri, kinachotoka kila wiki, na wanauliza walipie lipi. Majibu ni maoni ya msomaji mmoja, na pale ninapopendelea nimesema wazi.

Habari zote ziko kwenye simu. Jarida la wiki la nini?

Simu inakwambia kimetokea nini. Jarida la wiki, likiwa zuri, linakwambia kwa nini kimetokea na nani amefaidika. Chukua bandari yetu. Mwezi Aprili 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyoletwa na ujenzi wa bandari. Siku ile kila mtu alikuwa na kichwa cha habari mkononi. Lakini kesi ilianzaje, majaji waliipima vipi haki ya mvuvi mbele ya mradi wa nchi nzima, na fidia hutolewa na mfuko gani? Mambo hayo hayaenei kwenye ujumbe wa mistari mitatu, na mwandishi wa gazeti la kila siku hana saa za kuyafuata kwa sababu kesho ana habari nyingine ya kuleta. Wa wiki ana siku sita. Kama hakuzitumia vizuri, huna sababu ya kumlipa.

Kipimo changu cha kwanza ndicho hicho: likisoma kama magazeti ya kila siku yaliyobandikwa pamoja, liache.

Liko jarida moja lenye vyote vitatu?

Lililokaribia zaidi ni The New Yorker la Marekani, lililoanzishwa Februari 1925 na Harold Ross na mkewe Jane Grant. Kila toleo lina makala ndefu za uchunguzi, mapitio ya vitabu, filamu na muziki, mashairi, vibonzo, na hadithi fupi. Hadithi ndiyo inayolitenga na wenzake, kwani majarida makubwa ya wiki yaliyobaki na desturi hiyo ni machache mno. Lina pia sifa ya kukagua ukweli: wapo wafanyakazi ambao kazi yao ni kupiga simu na kuuliza upya kila tarehe, kila jina na kila kauli kabla haijachapishwa. Agosti 1946 lilitoa toleo zima kwa ripoti moja tu, ya John Hersey kuhusu watu walionusurika bomu la Hiroshima. Mpaka leo wanafunzi wa uandishi wa habari hufundishwa toleo lile.

Sasa upande wa pili. Ni jarida la New York. Kurasa za mwanzo zinakuelekeza kwenye tamthilia na mikahawa ambayo wewe hutaiona, na mzaha wa vibonzo mara nyingine hukupita kwa sababu umejengwa juu ya mtaa wao. Makala zake ni ndefu: moja inaweza kukuchukua tangu Isha mpaka usingizi ukushinde, na bado hujafika nusu. Afrika huandikwa kwa kina inapoandikwa, ila haiandikwi kila wiki. Anayelilipia kwa ajili ya habari za Afrika atasikitika. Anayelilipia kwa ajili ya hadithi na makala ndefu atafurahi, na mimi ni wa kundi hili.

Na The Economist? Walimu wengi wanalisifu.

Wanalisifu kwa haki, ila kwanza ujue unanunua nini. Lilianza London mwaka 1843, na mwanzilishi wake, James Wilson, alilianzisha kupigania biashara huria. Msimamo huo haujaondoka. Makala zake hazina majina ya waandishi, kwa hiyo gazeti zima linazungumza kwa sauti moja inayojiamini sana. Wakati mwingine inajiamini kupita ushahidi ulio mezani, na msomaji mpya huchukulia maoni kuwa habari. Soma ukijua kwamba unabishana na mtu mwenye upande wake.

Faida yake ni upana. Ndani ya toleo moja utapita Asia, Amerika ya Kusini, Ulaya, biashara, sayansi na vitabu, kila jambo kwa ukurasa mmoja au chini yake. Afrika na Mashariki ya Kati hugawana sehemu moja, jambo ambalo mimi naliona ni ubahili. Hadithi za kubuni hamna. Kuna ukurasa wa mwisho, taazia ya mtu mmoja aliyefariki, na hiyo ni kazi ya fasihi kwa namna yake. Wengine huanza kusoma gazeti kutokea huko. Toleo la simu hutoka Alhamisi usiku kwa saa za London, kwa hiyo Ijumaa asubuhi unalo, na lote linasomwa kwa sauti kwa wenye kulipia. Kwa nahodha au fundi ambaye mikono yake ina kazi mchana kutwa, sauti hiyo pekee inaweza kuhalalisha bei.

Yapo mengine ya Uingereza ya kufikiria?

Yapo, na nitayapitia haraka. The Spectator la 1828 na New Statesman la 1913 ni ya siasa za Uingereza, la kwanza likielekea kulia na la pili kushoto. Kurasa zao za vitabu ni nzuri, lakini nusu ya kila toleo ni ugomvi wa wabunge ambao haukuhusu. The Guardian Weekly huchuja habari na makala za Guardian za wiki nzima. Tovuti ya Guardian husomwa bure, kwa hiyo unalipia kuchujiwa tu, na kwa mtu anayepotea mtandaoni hilo si dogo. Times Literary Supplement (TLS), tangu 1902, ni la mapitio ya vitabu takriban yote, pamoja na mashairi. Hili ni la mwalimu wa fasihi. Mwingine atalilipia halafu aliache. London Review of Books hutajwa sana katika mazungumzo haya, lakini hutoka mara mbili kwa mwezi.

Kwa nini tutafute London na New York? Afrika haina?

Inayo, na kama pesa ni haba, anzia hapa. The Continent ni gazeti la kila wiki lililozaliwa Afrika Kusini mwezi Aprili 2020, wakati wa korona, na limepangwa lisomwe kwenye kioo cha simu. Huja kama faili la PDF kwa WhatsApp, mwisho wa wiki, bure. Waandishi wake wako katika nchi nyingi za bara hili na makala ni fupi. Limetengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye simu na bando dogo, yaani wengi wetu. Unalipakua mara moja pale mtandao ulipo na nguvu, kisha unalisoma popote, hata ndani ya mashua. Upungufu wake ni kwamba hadithi za kubuni si kazi yake.

The EastAfrican, la Nation Media Group, limekuwepo tangu 1994. Linakupa Kenya, Tanzania, Uganda na majirani kwa pamoja, kwa mizani ambayo magazeti ya Nairobi ya kila siku hayana. Kwa mfanyabiashara wa Lamu mwenye ndugu Zanzibar na mteja Kampala, nafikiri ndilo lenye manufaa kuliko yote niliyotaja. Uandishi wake ni mkavu kidogo, na kurasa za utamaduni zinapanda na kushuka.

Wazee watakukumbusha The Weekly Review, la Hilary Ng'weno, lililotoka Nairobi kuanzia 1975 hadi 1999. Mtu akitaka kuelewa siasa za Kenya za miaka ile huyatafuta matoleo yake mpaka leo. Tangu lilipokufa, Kenya haijapata jarida jingine la wiki la siasa lenye uzito ule, na pengo linaonekana kila uchaguzi.

Kwa Kiswahili je?

Hili huulizwa kwa uchungu kuliko yote, na uchungu una sababu. Pwani hii ilikuwa na magazeti ya fikra kabla nchi yenyewe haijapata uhuru. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza na Sahifa huko Mombasa mwaka 1930, na mwaka 1932 akatoa Al-Islah, akijadili elimu, malezi, dini na hali ya Waislamu wa pwani chini ya ukoloni. Dar es Salaam kulikuwa na Mambo Leo tangu 1923, likitoka kila mwezi na kuchapisha mashairi ya wasomaji, yakiwemo ya Shaaban Robert. Nairobi ikatoa Baraza, gazeti la wiki, kuanzia 1939. Msomaji wa Lamu wa zama hizo, ikiwa yalimfikia, alikuwa na mahali pa kusoma hoja na shairi kwa lugha yake mwenyewe.

Leo Kiswahili hakina jarida moja la wiki linalobeba utamaduni, mambo ya dunia na hadithi kwa uzito sawa. Lazima ukusanye vipande. Taifa Leo na toleo lake la Taifa Jumapili zina ukurasa wa mashairi na makala za lugha, na mwalimu wa sekondari atapata humo uchambuzi wa vitabu vinavyotahiniwa. Tanzania ina mila ndefu zaidi ya magazeti ya wiki: Raia Mwema na MwanaHALISI yalijijengea jina kwa siasa na uchunguzi, na yote mawili yamewahi kufungiwa na serikali. MwanaHALISI lilifunguliwa tena Februari 2022 pamoja na mengine matatu. An-nuur, gazeti la Kiislamu la Dar es Salaam, ni la Ijumaa.

Halafu kuna magazeti ya udaku, ambayo wasomi huyadharau hadharani na kuyasoma faraghani. Yale ya Global Publishers, kama Uwazi na Ijumaa, ndiyo yaliyoweka hai hadithi ya mfululizo kwa Kiswahili. Hadithi za Eric Shigongo zilisomwa humo sehemu kwa sehemu kabla hazijawa vitabu. Unaweza kulalamikia mtindo wake. Lakini msomaji aliyekuwa akisubiri siku ya gazeti ajue kama binti ameokoka alikuwa akifanya jambo lile lile lililofanywa na Waingereza mwaka 1859, Charles Dickens alipokuwa akitoa riwaya kwa vipande katika jarida lake la wiki, All the Year Round. Wahariri wetu wenye heshima wangejifunza kitu hapo. Ukurasa mmoja wa hadithi iliyoandikwa kwa ustadi, ukikatwa pale penye hamu, ungeuza nakala kuliko hotuba ya waziri.

Mimi nataka hadithi tu. Siasa zimenichosha.

Basi usilipie jarida la siasa kwa matumaini ya kupata hadithi mara mojamoja. The New Yorker hutoa podikasti mbili za hadithi, na zote husikilizwa bure. Katika moja mwandishi anajisomea hadithi yake iliyotoka kwenye jarida. Nyingine hutoka kila mwezi: mwandishi mgeni anachagua hadithi ya zamani kutoka kwenye hazina ya jarida, anaisoma, kisha anaijadili na mhariri wa hadithi, Deborah Treisman. Hii ya pili ni darasa kamili la uandishi, na inalipwa kwa bando peke yake.

Kwa hadithi za Kiafrika, Jalada, lililoanzishwa na waandishi vijana, liko mtandaoni bure, ingawa si la wiki. Mwaka 2016 lilitoa hadithi ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyoandikwa kwa Kikikuyu na kutafsiriwa kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Kwa riwaya na mashairi mapya ya Kiswahili, fuata orodha za washindi wa tuzo ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa 2014 na baadaye ikaitwa Safal-Cornell. Kitabu kimoja kilichoshinda, kikisomwa sura moja kila Ijumaa, kinakuwa jarida lako la wiki kwa miezi.

Nasoma Kiarabu kuliko Kiingereza. Kuna la kunifaa?

Lipo, na nashangaa haliulizwi zaidi katika mji wenye Riyadha, msikiti na chuo cha Kiislamu. Akhbar al-Adab la Cairo ni gazeti la kila wiki la fasihi, lililoanzishwa 1993 na mwandishi wa riwaya Gamal al-Ghitani: hadithi, mashairi, mapitio na mijadala ya waandishi. Rose al-Yusuf, pia la Cairo, lilianzishwa 1925 na Fatima al-Yusuf, mwigizaji aliyeamua kuwa mchapishaji. Hilo ni la siasa zaidi. Al-Arabi la Kuwait hutoka kila mwezi tangu 1958, na lugha yake ni nyepesi kwa aliyejifunza Kiarabu chuoni na hajazoea magazeti. Kama umeishia kwenye vitabu vya nahau na fiqhi, anza na Al-Arabi kabla ya kwenda kwenye gazeti la fasihi.

Nitalipaje bila kadi ya benki?

Ukiwa na M-Pesa unaweza kufungua kadi ya Visa ya mtandaoni iitwayo GlobalPay, iliyokuja mwaka 2022, na kulipia kwayo majarida ya nje. Shida haiko kwenye kulipa, iko kwenye kuacha kulipa. Bei inayotangazwa kwa herufi kubwa ni ya miezi ya mwanzo. Muda huo ukiisha, bei kamili hukatwa yenyewe, na inaweza kuwa mara kadhaa ya ile ya kwanza. Kabla ya kubonyeza chochote, soma maandishi madogo utafute bei ya baadaye. Kisha weka kikumbusho kwenye simu wiki moja kabla ya tarehe ya kukatwa. Wengi hurudishiwa bei ya chini wanapokwenda kusitisha, kwa hiyo usione haya kwenda.

Na nakala ya karatasi ya jarida la nje?

Itafika, kwa sanduku la posta, imechelewa. Hadithi haiozi. Uchambuzi wa uchaguzi uliokwisha matokeo, huo umeoza. Karatasi inawafaa wanaolipia New Yorker au TLS. Wa Economist wabaki na simu.

Kiingereza changu si kizuri. Nitaweza?

Utaweza ukianza na vifupi. The Continent kwanza, kisha taazia ya Economist, kisha hadithi moja ya New Yorker huku mwandishi akiisoma sikioni na maandishi yako mbele yako. Makala ndefu ziache mwaka wa kwanza. Usisimame kwenye kila neno kufungua kamusi. Piga mstari, endelea, rudi mwisho.

Nitajuaje kama jarida linaaminika?

Tafuta walichoandika kuhusu mahali unapopajua. Hakuna mtihani mkali kuliko huo, na Lamu imeandikwa vya kutosha kuufanya. Fungua hazina yao uandike jina la mji. Ukikuta punda, milango ya kuchonga na jua linalozama peke yake, hilo ni tangazo la utalii. Ukikuta makala ya usalama inayoifanya kaunti nzima kuwa msitu wa Boni, mwandishi hakushuka kwenye boti. Angalia kama wametaja kwamba mnamo Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal) lilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe, na kama walizungumza na wenyeji waliofungua kesi au na kampuni peke yake. Angalia kama gati la kwanza la bandari, lililofunguliwa Mei 2021, limeelezwa pamoja na wavuvi. Kama wamekosea mambo haya ambayo wewe unayajua, ujue wanakosea vivyo hivyo kuhusu Yemen na Bolivia, ila huko huwezi kuwakamata.

Halafu tazama ukurasa wa barua na masahihisho. Jarida linalochapisha barua ya msomaji anayelikosoa kwa ukali lina afya. Lisilosahihisha chochote mwaka mzima linaficha.

Tunaweza kuchangia nakala moja, nyumba kadhaa?

Ya karatasi, bila shaka. Izunguke Mkomani mpaka Langoni ikiwezekana. Ya simu ina masharti: majarida mengi huruhusu vifaa vichache kwa akaunti moja ya nyumba moja, na kugawa nywila mtaa mzima ni kuvunja makubaliano. Njia safi ni kuchangia usajili halisi kwa ajili ya shule au maktaba, usomwe pale. Ngome ina maktaba, na mahali pa kukaa watu wanne wabishane makala moja si tatizo katika mji wenye baraza nje ya kila nyumba. Chagueni makala mapema wiki, mjadili Ijumaa baada ya Asr. Asiyesoma Kiingereza asimuliwe kwanza kwa Kiswahili. Mara nyingi ndiye atakayeuliza swali lililomshinda mwandishi.

Nikiwa na pesa ya moja tu?

Chukua The Continent kwa kuwa ni bure, ongeza podikasti ya hadithi kwa kuwa ni bure, nunua Taifa Jumapili, kisha ukae hivyo kwa miezi mitatu bila kulipia cha nje. Ukiona unamaliza vyote na bado una njaa ya makala ndefu, lipia New Yorker. Ukiona njaa yako ni ya biashara na dunia, lipia Economist, au EastAfrican kama dunia yako inaishia Kampala. Ukiona matoleo matatu ya Continent yamelala kwenye simu hayajafunguliwa, pesa hiyo inunulie kitabu.

Matoleo ya zamani nifanye nayo nini?

Hewa ya bahari na mchwa hawangoji. Kata hadithi na makala unazotaka kurudia, zitie kwenye faili la plastiki lenye kifuniko, uandike tarehe na jina la jarida juu ya kila moja. Yaliyobaki yapeleke shule ya sekondari iliyo karibu, lakini muulize mwalimu kwanza kama anayataka. Maktaba za shule zina marundo ya kutosha ya vitu ambavyo watu walitaka kuviondoa nyumbani.